Kubashiri matokeo ya Candidates: nakosea wapi?

Kete_ya_Bandarini (Tanga):

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini kwetu sisi wapenzi wa sataranji lina uzito wake. Hapa Tanga tuko watu kumi na mmoja ambao hukutana barazani jioni kucheza, na tangu Mashindano ya Wagombea ya Madrid mwaka 2022, yale ambayo wengi wetu huyaita Candidates, ambapo wachezaji wanane hukutana kila mmoja na kila mwenzake mara mbili ili apatikane wa kumkabili bingwa wa dunia, tumejiwekea desturi ya kubashiri matokeo ya kila mchezo. Hakuna fedha inayowekwa. Kabla ya raundi kuanza, kila mmoja huandika daftarini kama atashinda mwenye kete nyeupe, mwenye nyeusi, au watatoka sare, na kila jibu sahihi lina pointi moja. Kabla ya raundi ya kwanza kabisa, kila mmoja hutaja pia atakayekuwa bingwa, na jibu hilo lina pointi tano. Anayeshika mkia huwanunulia wenzake chai na mahamri siku ya kufunga hesabu.

Mwaka 2024, mashindano yalipofanyika Toronto, niliamua kujiandaa kikamilifu. Niliorodhesha alama za Elo, yaani namba zinazopima nguvu ya mchezaji, za wachezaji wote wanane, nikapitia michezo waliyokwisha kuchezana, nikaangalia nani alikuwa anafanya vizuri miezi ya karibuni. Nilimchagua Fabiano Caruana kuwa bingwa, kwa sababu alikuwa na alama 2803, za juu kuliko mwingine yeyote pale, na kwa sababu hata Magnus Carlsen, bingwa wa zamani wa dunia, alikuwa amemtaja yeye kuwa mwenye nafasi kubwa zaidi.

Raundi ya kwanza niliandika washindi wawili na sare mbili, na michezo yote minne ikaisha sare. Nikajiambia kwamba wakubwa hawa wameanza kwa tahadhari, hivyo raundi ya pili nikaandika sare mahali pote, na siku hiyo haikutoka sare hata moja: Caruana alimfunga Abasov, Nepomniachtchi akamfunga Firouzja, Gukesh akamfunga Praggnanandhaa, na Vidit Gujrathi, akiwa na kete nyeusi, akamfunga Hikaru Nakamura, ambaye alikuwa amecheza michezo mingi mfululizo bila kupoteza. Nilibaki naliangalia daftari langu kwa masikitiko makubwa. Mpaka mwisho nilikuwa nimepata 23 kati ya michezo 56, na bingwa wangu akamaliza nusu pointi nyuma ya Gukesh Dommaraju, kijana wa miaka 17 ambaye sikuwa nimempa nafasi yoyote. Nilishika mkia.

Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba aliyeongoza kwetu ni kijana ambaye wakati ule ndiyo kwanza alikuwa amejifunza jinsi farasi anavyoruka. Yeye aliandika sare karibu kila siku, akapata 30.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, alama za Elo, historia ya wachezaji wawili, hali yao ya karibuni na rangi ya kete vipewe uzito gani, au tuseme kwamba mambo haya ni bahati tu? Pili, je, namna yetu ya kutoa pointi inampa haki yake mtu anayefikiri?

Bi_Ngome (Dar es Salaam):

Pole sana kaka, lakini kijana wenu hakubahatisha kama unavyodhani. Katika michezo 56 ya Toronto, 31 ilitoka sare na 25 ikapata mshindi. Maana yake ni kwamba mtu ambaye hajui hata majina ya wachezaji, akiandika "sare" siku zote kumi na nne bila kufungua macho, angepata 31. Wewe uliyesoma sana ulipata 23. Kosa lako, kwa maoni yangu, ni kwamba ulikuwa unatafuta mshindi katika kila mchezo, ilhali katika ngazi ile sare ndilo jibu la kawaida, na ushindi ndio unaohitaji sababu.

Hapa ndipo watu wengi wanapozisoma vibaya alama za Elo. Mfumo huo, uliobuniwa na Arpad Elo na kuanza kutumiwa na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970, haukuambii nani atashinda mchezo wa leo. Unakuambia sehemu ya pointi ambayo mchezaji anatarajiwa kuipata kama wangecheza mara nyingi. Tofauti ya alama 100 humpa mwenye alama nyingi matarajio ya 0.64 ya pointi kwa kila mchezo. Mtu akiona 0.64 hudhani kuwa huyo atashinda mara 64 katika mara 100, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu sare nayo hutoa nusu pointi. Mchezaji anayetarajiwa kupata 0.59 anaweza kabisa kuwa ni yule anayeshinda mara 30, kutoka sare mara 58 na kupoteza mara 12 katika michezo 100. Hesabu hiyo inatoa 0.59 kamili, na bado sare ndiyo jibu linaloongoza kwa mbali.

Kwa hiyo ningekushauri uanze kila mchezo ukiwa umeshaandika "sare" moyoni, kisha ujiulize ni nini hasa kinachoweza kukutoa hapo. Kete nyeupe pekee haitoshi. Ni kweli kwamba mwenye nyeupe hupata karibu pointi 54 au 55 katika kila 100 zinazogombewa, lakini faida hiyo ni ndogo, nayo miongoni mwa wakubwa hawa huonekana zaidi katika kuchagua aina ya mchezo kuliko katika kushinda. Tofauti kubwa ya alama inatosha mara nyingine: Nijat Abasov aliingia Toronto akiwa na 2632, chini ya wenzake wote kwa karibu alama mia moja au zaidi, na alimaliza bila ushindi hata mmoja, akiwa amepoteza saba. Hata hivyo hebu tazama vizuri: ametoka sare saba vilevile. Ukiandika kila siku kwamba Abasov atafungwa, unakosea nusu ya michezo yake.

Kuhusu historia ya wachezaji wawili, mimi huipa uzito mdogo, kwa sababu mara nyingi ni michezo michache iliyochezwa katika miaka tofauti. Isipokuwa pale ambapo aina ya mchezo wa mmoja inamsumbua mwenzake. Vidit alimfunga Nakamura mara mbili pale Toronto, raundi ya pili na ya tisa, na hizo ndizo mara mbili pekee ambazo Nakamura alipoteza. Mtu aliyeona ule mchezo wa kwanza, jinsi Vidit alivyotoa kete makusudi ili kumfungua mfalme wa mwenzake, alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu mara ya pili.

Mwalimu_Moro (Morogoro):

Nakubaliana na Bi Ngome, na ningependa kuongeza hesabu kidogo, kwa sababu mwenye swali amechanganya maswali mawili ambayo yanapaswa kutenganishwa. Nani atashinda mchezo wa leo ni swali moja. Nani atakuwa bingwa baada ya raundi kumi na nne ni swali jingine kabisa, na ugumu wake ni wa aina nyingine.

Chukua alama za Elo za Aprili 2024. Wastani wa wapinzani saba wa Caruana ulikuwa karibu 2737, naye alikuwa na 2803. Tofauti hiyo ya 66 inampa matarajio ya 0.59 kwa mchezo, na ukizidisha kwa michezo 14 unapata pointi 8.3. Caruana alipata 8.5. Kwa maneno mengine, ndugu yangu wa Tanga, mchezaji wako alifanya karibu kile kile ambacho alama zake zilisema atafanya. Sasa mtazame Gukesh. Alikuwa na 2743, na wastani wa wapinzani wake ulikuwa 2745, hivyo matarajio yake yalikuwa pointi 7, nusu ya michezo. Alipata 9. Ian Nepomniachtchi alitarajiwa kupata 7.3, akapata 8.5 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Alireza Firouzja naye alitarajiwa 7.3, akaishia na 5.

Je, hizi ni ajabu? Sivyo. Katika mashindano ambayo zaidi ya nusu ya michezo hutoka sare, kupanda au kushuka kwa pointi moja na robo hivi kutoka kwenye matarajio, kwa michezo 14, ni jambo la kawaida kabisa. Karibu thuluthi mbili ya wachezaji wataangukia ndani ya mpaka huo, na waliobaki watauvuka upande mmoja au mwingine. Sasa linganisha: kati ya matarajio ya Caruana na ya Gukesh kulikuwa na pengo la 1.3 tu. Pengo zima lililomfanya mmoja aonekane kinara na mwingine aonekane msindikizaji lilikuwa sawa na mtikisiko wa kawaida wa mchezaji mmoja. Tena walikuwapo wanane, na kila mmoja alikuwa na mtikisiko wake. Ndiyo maana hata anayepewa nafasi kubwa kuliko wote huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutokuwa bingwa kuliko wa kuwa, na mtu aliyemtaja Caruana hakuwa amefikiri vibaya. Alichagua vizuri, na kilichochaguliwa vizuri hakikutokea.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu naona watu wakiacha kutumia alama baada ya kukosea mara moja, kisha wanamrukia yule aliyetoka kushinda. Huo ndio msingi dhaifu kuliko yote. Madrid mwaka 2022, baada ya raundi saba, Caruana alikuwa na pointi 5, nusu pointi tu nyuma ya Nepomniachtchi, na mtu yeyote aliyetazama "hali ya karibuni" angesema mbio zimebaki za watu wawili. Katika raundi saba zilizofuata Caruana alipata pointi moja na nusu. Kwa upande wa wanawake, pale Toronto, Vaishali Rameshbabu alipoteza michezo minne mfululizo, kuanzia raundi ya sita hadi ya tisa, na nadhani wengi walifuta jina lake kwenye madaftari yao. Kisha akashinda mitano mfululizo mpaka mwisho, akamaliza akiwa miongoni mwa watatu waliolingana nyuma ya bingwa Tan Zhongyi. Nawaomba muuone ugumu wa hilo: mtu amefungwa siku nne, anaamka, anavaa, anakwenda kukaa mbele ya ubao uleule.

Mzee_wa_Mji_wa_Kale (Mombasa):

Salaam zenu nyote. Mwalimu, hesabu zako nimezisoma mara mbili na sina la kuzipinga, lakini kuna kitu ambacho hazikisemi, nacho ni kwamba mchezaji hachezi namna moja siku zote. Anacheza kulingana na haja yake. Raundi ya tatu, mwenye pointi moja na nusu anaweza kukubali sare kwa moyo mkunjufu. Raundi ya kumi na nne, mtu yuleyule, mbele ya mpinzani yuleyule, sare kwake ni sawa na kufungwa. Alama za Elo hazijabadilika hata moja, ila mchezo umebadilika kabisa.

Nitatoa mfano wa London mwaka 2013, ambao naukumbuka kana kwamba ni wa jana. Kabla ya raundi ya mwisho, Magnus Carlsen na Vladimir Kramnik walikuwa wamelingana kwa pointi 8.5. Kwa kanuni za mashindano yale, wakilingana hadi mwisho, na kwa kuwa michezo yao wenyewe haikuwa na mshindi, ingetazamwa idadi ya michezo aliyoshinda kila mmoja, na hapo Carlsen alikuwa mbele. Kwa hiyo Kramnik alilazimika kupata zaidi ya Carlsen. Akiwa na kete nyeusi mbele ya Vasyl Ivanchuk, aliacha njia zake za kawaida, akachagua ufunguzi wenye hatari ili autafute ushindi. Akafungwa. Carlsen naye, akiwa na nyeupe, akafungwa na Peter Svidler. Wote wawili walipoteza siku moja, wakabaki na 8.5, na Carlsen akapita kwa ushindi wake tano dhidi ya nne za Kramnik. Niambieni, ni nani aliyeandika hayo kwenye daftari? Hata hivyo, sehemu ya jambo hilo iliweza kuonekana mapema: mtu aliyeijua kanuni ya kulingana angejua kuwa mchezo wa Kramnik haukuwa na nafasi kubwa ya sare siku ile.

Na huyo Ivanchuk, ambaye zaidi ya mara moja katika mashindano hayo saa yake iliisha kabla hajamaliza hatua zake, na ambaye alimaliza wa saba kati ya wanane, ndiye aliyewafunga wote wawili, Carlsen raundi ya kumi na mbili na Kramnik raundi ya mwisho. Kwa hiyo, Kete ya Bandarini, usimdharau aliye mkiani. Aliye mkiani hana cha kulinda.

Jambo la saa nalo lina nafasi yake. Toronto kila mchezaji alipewa dakika 120 kwa hatua 40 za kwanza, bila nyongeza ya sekunde hata moja mpaka avuke hatua hiyo ya arobaini. Kuna wachezaji ambao hufikiri kwa muda mrefu sana mwanzoni, na wakifika hatua ya thelathini wanabaki na dakika chache, mikono inatetemeka, na ubao uliokuwa salama unageuka. Gukesh mwenyewe alifungwa na Firouzja raundi ya saba akiwa amebanwa na saa, na kilikuwa kipigo chake pekee. Wengi walidhani kijana huyo sasa atavunjika. Baada ya siku ya mapumziko alirudi akamfunga Vidit akiwa na kete nyeusi, na baadaye alieleza kwamba ni baada ya kipigo kile ndipo alipojihisi yuko katika hali nzuri kabisa. Raundi ya kumi na tatu alimlipa Firouzja kwa kumfunga.

Usiku wa raundi ya mwisho sikulala. Kwa saa zetu michezo ilianza saa tatu na nusu usiku, na mjukuu wangu alinishikia simu kwa sababu macho yangu hayaoni vizuri maandishi madogo. Gukesh alikuwa na 8.5, na nyuma yake walikuwapo watatu wenye 8: Nakamura, Nepomniachtchi na Caruana. Nakamura alikuwa na nyeupe mbele ya Gukesh mwenyewe na alihitaji ushindi, lakini Gukesh alishika ubao imara wakatoka sare. Ikabaki meza moja, Caruana na Nepomniachtchi, ambapo sare ilikuwa haimsaidii yeyote kati yao, na kila mmoja alilijua hilo. Caruana akipata ushindi, angelingana na Gukesh kwa pointi 9 na wangecheza michezo ya kuamua. Ule mstari wa injini pembeni ya ubao, yaani programu ya kompyuta inayoonyesha nani yuko mbele, ulipanda juu upande wa nyeupe, mjukuu wangu akasema, "Babu, Caruana ameshashinda." Kisha ukashuka katikati. Ukapanda tena, na ukashuka tena. Hatua 109 walizicheza. Waliposhikana mikono kwa sare, nilimhurumia Caruana kama mtoto wangu, na nilimwona Nepomniachtchi naye amekaa pale kama mtu aliyefiwa.

Sasa Mwalimu, mimi ningeiandika meza ile kuwa yenye mshindi, na ningekosea. Lakini ningeandika hivyo tena kesho.

Mwalimu_Moro:

Shikamoo Mzee. Hapo umesema jambo ambalo nalikubali bila sharti, na sentensi yako ya mwisho ndiyo njia ya kujibu swali la pili la mwenzetu. Umekosea jibu, lakini hukukosea kufikiri. Tatizo ni kwamba daftari la pointi moja kwa jibu moja haliwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Kete ya Bandarini, je, wenzako wangekubali kubadilisha kanuni?

Kete_ya_Bandarini:

Nawashukuru sana, Mzee shikamoo, na ahsante dada Bi Ngome na Mwalimu. Nimeelewa sasa kwa nini nilikuwa nikitafuta mshindi mahali ambapo hakuna sababu ya kumtafuta. Wenzangu watakubali kanuni yoyote ambayo inaweza kuelezwa barazani bila kompyuta. Hofu yangu ni moja tu: kama "sare" ndiyo jibu bora kila siku, basi mwaka ujao wote kumi na mmoja tutaandika sare, na hapatakuwa na haja ya kukutana.

Mwalimu_Moro:

Hofu yako ni ya haki, na dawa yake ni kuacha kumlazimisha mtu achague jibu moja. Kwa kuwa mnakaa barazani, naamini kuna ubao wa bao karibu. Kila mbashiri apewe komwe kumi kwa kila mchezo, azigawe katika mashimo matatu: nyeupe, sare, nyeusi. Anayeamini sana sare aweke nyingi katikati. Anayeona, kama Mzee alivyoona, kwamba meza hii ina haja ya ushindi pande zote mbili, apunguze katikati na aongeze pembeni.

Mchezo ukiisha, shimo lililotokea linahesabiwa kuwa lilistahili komwe 10, na mengine mawili yalistahili sifuri. Kwa kila shimo tafuta tofauti kati ya ulichoweka na kilichostahili, izidishe kwa yenyewe, kisha jumlisha mashimo yote matatu. Hiyo ndiyo adhabu yako, na mwenye adhabu ndogo mwisho wa mashindano ndiye mshindi. Tuseme umeweka 2 nyeupe, 6 sare na 2 nyeusi. Ikitoka sare, adhabu yako ni 4 na 16 na 4, jumla 24. Ikipata mshindi, adhabu ni 36 na 64 na 4, jumla 104. Aliyemwaga komwe zote kumi kwenye sare hulipa sifuri akipatia, lakini akikosea hulipa 200.

Sasa rudi Toronto. Mtu wa "sare" kila siku, kwa michezo 25 iliyopata mshindi, angelipa 5000. Mtu wa 2, 6, 2 kila siku, bila kujua jina la mchezaji yeyote, angelipa 744 kwa sare 31 na 2600 kwa michezo 25, jumla 3344. Nimejaribu pia mtu asiyejua chochote, ambaye hugawa komwe zake karibu sawasawa, 3 na 4 na 3: angelipa 3524. Tazameni vizuri namba hizi. Kutoka 3524 hadi 3344 ndiyo thamani ya kujua kwamba sare ni nyingi. Mtu akishuka chini ya 3344, hapo ndipo tutasema kuwa alama za Elo, saa, rangi na haja ya mchezaji vimemsaidia kweli. Si pengo kubwa la kuchezea, na ndiyo maana jambo hili lina heshima yake.

Kwa bingwa fanyeni vivyo hivyo: komwe 20, wachezaji wanane, na adhabu ihesabiwe kwa 20 badala ya 10.

Bi_Ngome:

Kanuni ya Mwalimu naipenda, lakini naomba niweke tahadhari moja kutoka kwenye kundi letu la hapa Dar, ambako tulijaribu kitu kinachofanana nacho. Watu walikuwa wakigawa upya baada ya kuona hatua kumi za kwanza, wakidai kwamba walichelewa kwa sababu ya mtandao. Lilizuka ugomvi ambao ulituchukua wiki nzima kuutuliza. Wekeni saa ya kufunga daftari, na iwe ya kweli. Ratiba yote ya raundi kumi na nne hupangwa kwa kura kabla ya mashindano, na wachezaji wa nchi moja hukutanishwa mapema, kama Caruana na Nakamura, na Gukesh na Vidit, walivyokutana raundi ya kwanza kabisa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakujua nani anacheza na nani.

Kete_ya_Bandarini:

Jana usiku tumekaa barazani na ubao wa bao, tukapitia upya raundi mbili za kwanza za Toronto kutoka kwenye daftari langu la zamani. Raundi ya kwanza sikuwa na la kujitetea. Raundi ya pili, ile niliyoandika sare nne, kwa kanuni mpya ningelipa 800 kwa usiku mmoja, wakati aliyegawa 2, 6, 2 angelipa 416. Wenzangu wote wameelewa, na hata fundi seremala wetu ambaye hapendi hesabu alizidisha mwenyewe kwa kalamu yake ya penseli juu ya ubao wa meza.

Kijana aliyeongoza mwaka 2024 alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kuweka 1 na 8 na 1. Tumemwambia anaruhusiwa. Namba 3344 imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari jipya, na daftari litafungwa nusu saa kabla ya michezo kuanza. Atakayeshika mkia bado atanunua mahamri.